Malalamiko Dhidi ya Shemeji Aliyeninyima Difu ya Sahani

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Magari.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUNYIMWA DIFU NINAYOISTAHILI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mikono yako ikiwa safi kiasi cha kuweza kuifungua. Mimi ni mwalimu wa historia, baba wa watoto wawili waliokwisha kuhama nyumbani, na mwenye gari la spoti jekundu la viti viwili. Namshtaki mwanachama wako, fundi wa gereji iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, ambaye kwa bahati mbaya yangu ni shemeji, kaka wa mke wangu.

Kiini cha mambo ni hiki. Mke wangu, ambaye ni mkunga, aliacha kupanda gari hili miezi miwili iliyopita. Tulilinunua tukiwa tumekubaliana kwamba kiti cha pili ni chake mpaka tuzeeke. Jumapili moja tukirudi matembezini alishuka, akafunga mlango polepole, akasema, "Mume wangu, gari hili halina raha." Tangu siku hiyo anakwenda hospitali kwa basi, na kiti chake nabebea madaftari ya kidato cha pili. Niliketi, nikasoma vitabu vinne, nikamgundua mkosaji. Ni difu.

Wewe unaijua, lakini naeleza kwa ajili ya katibu wako, ambaye najua ndiye atakayeisoma barua kwanza. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma, ili kwenye kona kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Mpaka hapo sina ugomvi nayo. Lakini gurudumu moja likipoteza mshiko, nguvu yote hulikimbilia hilo hilo linalozunguka bure, na lile lililokamata barabara linaachwa likitazama. Nimeketi katika kamati nyingi za namna hiyo. Dawa yake ni difu ya kubana, isiyomdekeza mvivu. Zipo za aina mbili za kufaa: ya gia, inayobana kimyakimya na isiyodai matunzo, na ya sahani, inayobana kwa sahani za chuma zinazosuguana, ambayo ndiyo hasa ya mashindano. Nilitaka ya sahani. Nimenyimwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanachama wako hajali mteja anataka nini. Ana desturi ya kupanda gari la mteja siku nne nzima, kimya, kijidaftari mapajani, ndipo aamue difu gani inafaa. Alipanda langu kutoka nyumbani hadi shuleni, asubuhi na alasiri. Nilimpa historia yote ya mashindano ya magari, bila kumficha kitu. Katika siku zote nne alitamka sentensi moja tu: "Shemeji, gari la taka nyuma yetu linaomba kupita."

2. Siku ya nne aliniandikia cheti. Nakinukuu chote: "Gurudumu la ndani ya kona halijateleza hata mara moja. Mteja haendeshi. Mteja anaongea. Abaki na difu aliyonayo, abadilishe tairi." Alikisoma kwa sauti mbele ya mafundi wenzake. Mmoja alicheka mpaka ikabidi ashike ukingo wa shimo la ukaguzi asije akatumbukia na jeki yake. Je, hiyo ndiyo siri ya mteja?

3. Nilipopinga, alisema difu ya sahani katika gari la kwenda kazini ni karaha tupu: inagonga ukikata kona polepole, inaburuta tairi ukiegesha, na inataka oili yake ibadilishwe kila mara. "Utaingia pale shuleni inatetemeka kama meno ya mgonjwa wa homa," alisema. Nilimjibu kwamba hizo si kasoro, ni sifa. Nataka igonge. Kitu kisichogonga, mke wangu atajuaje kwamba nimekiweka?

4. Kwa nia njema nikapendekeza basi achomelee gia za difu niliyonayo ziwe kitu kimoja, magurudumu yazunguke sawasawa daima. Aliweka spana chini. Akaniita "mwalimu", neno ambalo hulitumia akikasirika tu. "Mwalimu, siku ya mvua utaingia ukutani na dada yangu ndani." Tazama mwenyewe, Mheshimiwa, jinsi maslahi yanavyogongana! Fundi anayempenda abiria atamtendea vipi haki dereva?

5. Anadai sina kona. Ni kweli, kati ya nyumba yangu na shule kuna kona moja, na katikati yake pana tuta. Lakini je, mtu hupewa difu kwa kona alizonazo, au kwa kona anazostahili? Wangapi wana kabati zima la vitabu ambavyo hawatavisoma, na hakuna seremala aliyewahi kukaa sebuleni kwao siku nne akiwahesabia kurasa?

Kwa hiyo naomba chama kimwamuru anifungie difu ya sahani bila cheti kingine. Akikaidi, chama kiiandikie halmashauri ili tuta ling'olewe na kona ikunjwe zaidi. Halmashauri nayo ikikataa, niko tayari kumshauri mkuu wa shule tuhamie ng'ambo ya kilima, kwenye barabara ya kona saba, kwa kuwa wanafunzi mia sita wanahamishika kwa urahisi kuliko shemeji yangu. Watatembea mbali zaidi, nakubali. Lakini historia ninayowafundisha imejaa watu waliotembea.

Sitanii. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na sita. Zamani, tulipokuwa na pikipiki, alikuwa akicheka kwenye kila kona, nami nikikisikia kicheko chake mgongoni. Nataka aketi tena karibu yangu. Ikiwa kinachotutenganisha ni sahani chache za chuma, kuninyima ni ukatili.

Nisalimie katibu, mweka hazina, mama anayewachemshia chai, na wote walio chini ya magari saa hii.

Ni mimi, ambaye bado sijalegea,

Mwalimu wa Historia

NYONGEZA: Barua hii ilikuwa ikufikie jana. Mke wangu alijitolea kuileta, na shemeji akapanda naye kwa kuwa ofisi yenu iko njiani kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kumpa ufunguo. Sikuwahi kufikiri kwamba anautaka. Walipita barabara ya kilimani, ile ya kona saba. Walirudi na barua hii mkononi, kwa sababu ofisi yenu waliipita kabla hawajaiona. Shemeji alishuka akiushikilia mlango, akaandika juu ya boneti: "Gurudumu la ndani limeteleza mara kumi na moja. Huyu ndiye mteja. Sahani." Mke wangu alikuwa akicheka kile kicheko chenyewe. Amesema kuanzia sasa tutakwenda pamoja kila siku, ila mimi ndiye abiria. Asubuhi ya leo amenifikisha shuleni, na vidole vyangu bado havijanyooka vizuri. Mheshimiwa, naomba ufute yote niliyoandika hapo juu. Mwamuru mwanachama wako afunge ile ya gia, iliyo pole kuliko zote alizonazo, na tafadhali mke wangu asijue kwamba ni mimi niliyeomba.