Maji ya Chumvi kwa Mgeni wa Kevin

Leo nimeaibika, jamani, na shahidi ni mbwa.

Anaitwa Kevin (jina alikuja nalo, msinilaumu). Nimemchukua kituo cha mbwa wasio na wenyewe, hapa hapa Lewisham, ughaibuni, kwa majaribio ya wiki mbili. Waliniambia mtu wao atapita jioni yoyote kukagua nyumba. Asiporidhika, Kevin anarudi. Na mimi nimeshampenda. Tangu wanangu wahame, ndiye pekee anayenisikiliza mpaka mwisho.

Sasa leo Halloween, watoto wa huku wanavaa vinyago na kugonga milango wakiomba pipi. Kanisani tumeonywa: ni siku ya mashetani, usifungue mlango. Saa kumi na mbili, giza limeshaingia, nikazima taa za mbele, tukakaa kwenye kochi mimi na Kevin. Kila kishindo nakitilia shaka.

Mlango ukagongwa. Nikachungulia kitoboni: mafuvu matatu, moja linalamba pipi. Nikanyamaza, wakaondoka.

Ukagongwa tena. Safari hii mwanamke mrefu, koti jeusi hadi vifundoni, midomo myekundu, uso mweupe kama unga. Yuko peke yake. Wala mfuko wa pipi hana.

"Nani?"

"Habari za jioni. Nimekuja kwa ajili ya Kevin."

Jina amelijuaje? Nikamgeukia Kevin, nikakuta anatikisa mkia (nikaanza kumshuku na yeye).

"Humpati! Ushindwe na ulegee, kwa jina la Yesu!" Hapo nilishahamia Kiswahili, maana nikiogopa Kiingereza hunikimbia.

"Samahani, sijakuelewa," akasema, akainama kwenye tundu la kuingizia barua mlangoni. "Naomba unifungulie."

Marehemu mama alitufundisha: usichokielewa, kimwagie maji ya chumvi. Nilikuwa nayo kikombe kizima, nimeyaombea tangu mchana. Nikainua kifuniko cha lile tundu, nikamwaga yote.

Kisha kitambulisho kikapenya tunduni, kimelowa. Picha yake, na chini yake jina la kituo cha mbwa.

Nikafungua. Kevin akamrukia kwa furaha, akaanza kumlamba kidevu (chumvi ilimkolea).

"Wageni wote huwapokea hivi?" akauliza, maji yanamchuruzika puani.

Nikaleta taulo, nikaleta chai. Nikamweleza habari za mashetani, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Akajaza fomu polepole, akinitupia jicho. Moyo wangu ulikuwa mkononi mwake.

"Kevin hana tatizo, anabaki," akasema mwishowe. "Ila wewe, Jumatano nitarudi kukuangalia."

Kwa hiyo mbwa kafaulu, kalala. Mwenye nyumba ndiye yuko kwenye majaribio. Mnaojua kuomba niombeeni, na mnaotaka kucheka, chekeeni huko huko kwenu.