Hondohondo Aliyekohoa

Wamama, leo sina uso. Koo yangu mwenyewe imenitangaza mbele ya wageni kutoka Arua, na nilikuwa nimevaa gomesi mpya.

Mnamjua Sauda, mtoto wa binti yangu mkubwa, yule amesoma mpaka vitabu vikamkimbia. (Najisifu. Niacheni.) Kazi yake iko kwa ule msitu mdogo chini ya kijiji chetu, hapa Koboko, pahali wachoma makaa walimaliza miti yote. Wameuzungushia seng'enge, wamerudisha miti ya kwetu ya zamani, na Sauda anachunguza nani anarudi: mdudu, nyoka, ndege. Amefunga visanduku kwa miti. Mimi nilifikiri ni vya kupima mvua.

Juzi akanipigia simu mimi nyanya yake, analia. "Haboba, hondohondo amerudi. Kisanduku kimemsikia."

Hondohondo ni yule ndege mweusi mkubwa, anatembea chini kama mzee amekosana na watu. Sauti yake kama ngoma ndani ya mtungi. Sijamsikia tangu tulikimbilia Kongo, na wakati ule nilikuwa msichana. Na mimi nikalia.

Leo wale wageni, wakubwa wa kazi ya msitu, wamekuja kuamua. Kama msitu umerudisha kitu, seng'enge ibaki. Kama hapana, shemeji yangu Ramadhani na watu wa ukoo warudishiwe ardhi, wapande kalitusi. Nilikaa mbele kabisa ya hema. Ramadhani nyuma yangu ananong'ona, "Kandege kamoja katashinda kalitusi?" Nikamwambia afunge mdomo, asikie.

Sauda akafungua kompyuta, tusikie sauti visanduku vimeshika. Kwanza ndege wadogo wadogo. Halafu ikaja. Uuu. Uu-uu. Nzito, kama inatoka chini ya ardhi. Watoto wakasogea mbele. Nikasema moyoni, Mungu, kumbe unatukumbuka.

Uuu. Uu-uu.

Halafu ndege akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Nimekibeba mwaka mzima.

Ndege akasema, "Hii goti itaniua." Akatema mate. Akasema tena, "Na yule Ramadhani akufe na kalitusi yake."

Hema yote ikalipuka kwa kicheko. Ramadhani alishika tumbo. "Kumbe hondohondo anajua jina yangu!"

(Nieleze. Niliingia mle msituni alfajiri moja, kabla ya ile simu, kutafuta uyoga. Nikakumbuka vile tulikuwa tunamwita tukiwa wasichana, mikono kwa mdomo. Nikamwita. Mutu mzima hawezi kucheza kidogo?)

Nikatafuta shimo la kuingia. Lakini Sauda hakucheka. Uso wake ulikuwa majivu. Siku ile alisikiliza mlio wa kwanza tu, akakimbilia simu kuniambia. Sasa kazi yake yote, nimeitemea mate mbele ya watu. Hata kufunga kompyuta alisahau.

Ndiyo maana ikaendelea. Miguu yangu inaenda zake. Upepo. Kimya. Halafu, mbali sana, uuu, uu-uu. Na mwingine, sauti nyembamba kidogo, akaitikia juu yake. Bwana na bibi.

Ramadhani akaniangalia. "Hiyo pia iko wewe?"

"Mimi naweza kuwa wawili?"

Hakuna mutu alicheka. Mgeni mkubwa, mama mmoja wa miwani, akasema, "Rudisha." Sauda akarudisha mara nne. Mara ya nne Ramadhani alikuwa amevua kofia, ameiweka kwa magoti.

Alfajiri ile niliondoka bila kusikia kitu. Masikio yangu yamezeeka. Walikuwa wananijibu, na mimi niko njiani nalaani goti.

Seng'enge inabaki. Sauda amenishika mikono yote mbili, halafu akanikataza kufungua mdomo ndani ya ule msitu tena.

Chekeni, lakini taratibu. Nani kati yenu ameita peke yake alfajiri, wawili wakaitika?