Stima ya Kamau

Leo nimeaibika, jamani, tena bila suruali.

Mnajua mimi na Kamau tumetumwa kwenye kiwanda cha kufulia, pale Kings Heath, huku ughaibuni, kubadilisha nyaya za handaki lililo chini ya jengo. Humo ndani ni tanuri, na kuta zinatoka jasho. Mabomba ya mvuke yamepita kushoto na kulia, mtu anapenya kwa ubavu. Asubuhi wakafunga mvuke na kuzima umeme ili niingie. Msimamizi wetu akaniambia, "Hassan, kague, uniambie tuweke waya gani. Ukikosea, mtu atakufa humu."

Nikaingia nikitambaa. Naogopa, sifichi. (Mimi hata lifti siipandi.) Nyaya za zamani zilivikwa mpira, na mpira umepukutika kama mkate mkavu, shaba iko uchi. Plastiki nayo ingelainika kwa joto lile. Nilikuwa naiva, nikavua ovaroli, nikabaki na fulana na suruali ya ndani ya sufi. (Imetoboka. Msiulize wapi.) Nikaishika shaba nikate kipande cha kumwonyesha bosi.

Hapo Kamau, aliyebaki juu mlangoni, akaita, "Hassan, toka! Stima inarudi!"

Mimi nikasikia "steam". Mvuke unarudi, nami niko katikati ya mabomba! Nikajiona pweza chunguni. Sikumbuki nilivyotoka. Najua niliibukia kwenye ukumbi wa kupigia pasi nikipayuka, "Steam! Run!" Wanawake wakakimbia kweli, wasichana wa sketi fupi na bibi zao, mpaka uani. Tukasimama wote kwenye baridi. Hapakuwa na mvuke hata wa birika. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kuniangalia.

Kamau akaja na shuka.

"Mvuke uko wapi?" nikamuuliza.

"Mvuke gani? Nimesema stima. Ya taa. Kuna mtu alikuwa anarudisha fyuzi, ndio nikakuita."

"Huo si umeme?"

"Umeme si ni ule wa radi, bwana?"

Nikaitazama mikono yangu. Shaba ile nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili.

Msimamizi akanitazama juu hadi chini. "Waya gani, basi?"

"Wa ganda la shaba lililojazwa unga wa madini usioungua," nikajibu, meno yakigongana, "na ncha zake zizibwe, unga usinywe unyevu."

Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Msicheke. Waya nimeshaujua. Ninayemtafuta sasa ni mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili.