Chumba cha Bado Kidogo

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa notisi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mama watoto kasimama mlangoni mwa karakana yangu, mikono kiunoni. Kasema cherehani yake imekaa pembeni ya jiko miaka kumi na moja, kila gauni analoshona linanuka vitunguu, na sasa basi. Anakitaka chumba hiki. Nikamweleza kwamba humu mna kazi za sanaa. Akaomba nimwonyeshe moja tu iliyokwisha. Nikakohoa. Nilikohoa kwa muda mrefu, lakini alinisubiri.

Tumekubaliana hivi: nikimaliza kitu kimoja kabla ya Jumamosi saa kumi jioni, kitu cha kutumiwa na binadamu, chumba kinabaki changu. Nikishindwa, cherehani inaingia, mimi natoka. Siku tano. Nimeona ananionea huruma.

Jumanne, 5 Machi

Nimehesabu. Vitu ishirini na vitatu, na kila kimoja nimekiandika kwa chaki: bado kidogo. Kabati lisilo na mlango. Mlango usio na kabati (vipimo havikuelewana). Gitaa lisilo na shingo. Kinyago cha shemeji kisicho na mdomo; hicho nilikiacha makusudi, kimetulia.

Nilitaka kuchagua, nikajikuta navitazama tu. Kila kimoja nakumbuka kilikatikia wapi. Kabati: natafuta bawaba, binti yetu wa pili akazaliwa. Gitaa: rafiki yangu dereva alipita kunisalimia dakika mbili, akakaa siku tatu. Mlango: mama mkwe aliniita nimshikie ngazi. Kumbe hakuna nilichokiacha kwa uvivu. Kila mara palikuwa na mtu anabisha hodi. Mzee mzima nimekaa juu ya maranda, moyo umejaa, nikaliambia kabati asante.

Kazi iliyofanyika leo: hakuna.

Jumatano, 6 Machi

Akili imerudi. Jirani yangu Kipara ni seremala mstaafu, na kila anachokianza anakimaliza. Mtu wa kuchosha. Mimi ananiita Bwana Kesho. Nje kwake ana vigoda sita. Nilikwenda kumjulia hali, nikarudi na kimoja ndani ya koti. Nikakipiga msasa, nikakipaka vanishi, nikamkabidhi mama watoto. Akakisifu.

Jioni nani kaja kunywa chai? Kipara. Mama watoto akamsogezea kigoda, akisema ni mkono wa mzee wangu huu. Kipara akakigeuza. Chini kuna alama yake, kaichoma kwa chuma cha moto. Sikujua. Nani hutazama chini ya kigoda?

Hakunisema, bwana yule. Kasema tu nina kipaji cha ajabu, nafanya kazi kama yake kabisa. Kanywa vikombe vitatu, akaondoka na kigoda kwapani. Mama watoto alipomuuliza anakipeleka wapi, akajibu anakirudisha kwa wenzake watano. Nilipigwa jicho moja. Sikumaliza chai.

Alhamisi, 7 Machi

Chini ya magunia nimekuta cha ishirini na nne. Kiti cha mama watoto! Nilikianza mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Mguuni kumefungwa uzi wenye mafundo mawili: upana wa nyonga zake. Nilimpima akiwa amelala mchana, ili iwe siri. Kilibaki kutiwa mikono na gundi. Kisha akaniita nikale. Nikaenda kula, maisha yakaninogea, ikapita miaka thelathini na minane.

Gundi yangu imekuwa jiwe. Nimekwenda kwa Kipara kofia mkononi. Kanipa gundi, kanipa vibano, kisha kaja mwenyewe akakaa mlangoni nisitoroke. Mtu mwema, ingawa anaimba vibaya.

Ijumaa, 8 Machi

Kazi kutwa. Mjumbe wa mtaa kabisha hodi. Kipara akamwambia nimesafiri. Shemeji kabisha, nimesafiri. Saa kumi na moja kiti kikaisha. Sikujua mtu hufanya nini akimaliza kitu. Nilikizunguka mara saba.

Jumamosi, 9 Machi

Kipimo kilikuwa sawasawa. Mama watoto ndiye aliyeuacha uzi nyuma. Kuingia kitini aliingia, kwa kujibana, akasema kinakalika. Kutoka ikawa kesi. Aliinuka, kiti nacho kikainuka. Akatembea nacho mpaka dirishani, akageuka taratibu, akauliza kama hivi ndivyo nilivyokusudia. Nikamwambia kiti kimempenda.

Kipara akaja na msumeno. Mkono wa kulia ukakatwa saa kumi kasorobo. Kiti kikawa hakijaisha tena.

Nikaanza kukusanya patasi zangu. Hapo mama watoto akauona uzi, akauliza. Nikamwambia ukweli, jambo nisilolizoea. Akaunyoosha mapajani mwake akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaukunja, akauweka kifuani. Akasema cherehani inaingia, ila yeye hakumbuki nani kaniambia nitoke. Nilikumbuka vizuri nani kaniambia. Sikumtaja. Tukagawana chumba: dirisha lake, ukuta wa nyuma wangu.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi yeye kashona, mimi nimepiga randa. Saa nzima hakuna aliyesema neno. Miaka yote nilidhani raha ya chumba hiki ni kuwa peke yangu. Nimeshukuru kimoyomoyo, angesikia angenipa kazi.

Alipotoka kwenda kumpima mteja, nikaona meza ya cherehani inatikisika kidogo kushoto. Nikataka kumfurahisha. Kazi ya dakika kumi. Nimeng'oa mguu mmoja, nikaona mitatu iliyobaki haifanani nao, nikaing'oa yote. Ubao wa juu nao nimeupasua, niuunge upya kwa ustadi zaidi. Cherehani iko sakafuni juu ya gazeti.

Kipara kachungulia dirishani. Katazama cherehani, kanitazama mimi, kavua kofia kama aliyefika msibani.

Namsikia mama watoto getini. Anamhakikishia mteja kwamba gauni litakuwa tayari kesho asubuhi. Sina wasiwasi. Nitamwambia kushona umekaa chini ni kuzuri kwa mgongo.