Ombi la Kutosaidiwa Tena

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Siku ya Kujitolea,
Jengo la Manispaa, ghorofa ya juu, chumba chenye feni mbovu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na maandalizi ya Jumamosi yanakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo, ila hatuwezi kutoka nje kwa mlango. Hilo nitalifikia kwa zamu yake, maana nimeambiwa kamati yako haisomi malalamiko yasiyo na namba.

Mimi ni seremala mstaafu, yule wa nyumba ya kona karibu na posta ya zamani. Utanikumbuka kwa sura: miaka sita mfululizo nimetokea kwenye kalenda yenu, nimesimama kando ya ukuta, kofia mkononi. Kofia ile si yangu. Huwa mnakuja nayo.

Kwanza nieleweke kwamba sina neno na marehemu Mzee Mbele, ambaye siku hii ni ya kumuenzi. Enzi zile watu wa aina yetu hatukuruhusiwa kuingia posta kwa mlango wa mbele. Tulizungukia nyuma, kwenye mapipa ya taka, tukauziwa stempu dirishani. Mzee akakusanya watu kumi na mmoja, kila mmoja na barua yake mkononi, wakasimama mbele ya ule mlango siku arobaini mpaka ukafunguliwa. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa dada yangu mkubwa, msichana wa miaka kumi na tisa, kavaa viatu vya kuazima. Wenzake wote wametangulia. Amebaki yeye, na naishi naye. Tangu siku ile Dada hajapita mlango wa nyuma wa jengo lolote. Aliwahi kurudi na homa yake kutoka hospitali kwa sababu mlinzi alimwelekeza nyuma.

Sasa malalamiko.

1. Sijui niliingiaje kwenye orodha ya wasiojiweza. Mwaka ule wa kwanza vijana wenu walipita kuniuliza njia ya kwenda kwa mjane wa mwashi, ambaye paa lake linavuja. Nikawaonyesha. Wakautazama mlima, wakazitazama ndoo zao za rangi, kisha wakautazama ukuta wangu. Paa la mjane linavuja mpaka leo.

2. Ukuta wangu haukuwa na tatizo. Sasa una mikono sita ya rangi, na tatizo limepatikana. Swichi ya taa ya barazani imezama. Tunaitafuta kwa kupapasa. Msumari wa kutundikia koti umebaki kama kipele.

3. Mjitoleaji, kama nilivyoelewa hotuba zenu, ni mtu anayetoa siku yake bila malipo kwa faida ya wengine. Vijana wenu huanza saa tatu, na ikifika saa sita wamechoka. Mimi huanza saa kumi na mbili: nahamisha viti, nachota maji, nawaonyesha brashi inashikwa upande gani, na wakishaondoka nakwangua vioo vya madirisha kwa siku nne. Juu ya hayo napigwa picha. Mpiga picha wenu, kijana mwenye adabu zake, huniambia, "Babu, usicheke kwanza, hii ni ya kabla. Utacheka kwenye ya baada." Na mimi hujitahidi. Kwa hiyo anayejitolea kuliko wote ni mimi, niliyejitolea kusaidiwa miaka sita bila hata fulana. Dereva, ambaye hashuki garini, ana fulana mbili.

4. Mlango. Mwaka huu mlikuja wiki tatu mapema ili rangi isimchafue Mgeni Rasmi. Mpiga picha akataka mlango uwe umefungwa. Vijana wakapaka rangi ya mafuta mlango, fremu, bawaba, kitasa na tundu la ufunguo, bila kubagua. Na hilo la kutobagua nawasifu, maana ndilo alilolipigania Mzee. Rangi ilipokauka, mlango na fremu vikawa kitu kimoja. Nimesukuma kwa bega. Jirani yangu muuza mkaa, ambaye hubeba magunia mawili mara moja, amesukuma naye, akaishia kuusifia.

Nilimpigia simu katibu wako. Akanijibu kwa upole kwamba nisiuguse kwa siku nne, rangi ishike. Akamalizia, "Si mna mlango wa nyuma, mzee wangu? Tumieni huo kwa sasa." Kwa sasa. Mheshimiwa, hata posta walituambia kwa sasa.

Mimi nikatumia huo wa nyuma, maana sina historia yoyote. Lakini Dada alikuwa ndani, na hii ni wiki ya tatu hajatoka. Nilimbembeleza, "Dada, ni ngazi tatu tu na pipa moja." Akasema, "Pipa. Umelitaja mwenyewe."

5. Utauliza, seremala gani huyu anayeshindwa na mlango? Ni swali zuri. Siku ya nne vijana wenu walirudi kuchukua ndoo zao. Siku ya tano nikatafuta sanduku langu la zana, lenye randa, patasi na nyundo, halipo. Simtaji mtu. Nasema tu zilikuja ndoo, zikaondoka ndoo. Na usinishauri kuazima, kwa sababu kuazima randa ya fundi mwenzio ni kama kuazima mswaki. Kuuvunja pia haiwezekani. Niliuchonga mwenyewe, na Dada ameapa kwamba atakayeuvunja naye atavunjwa.

6. Baraza yangu. Tangu habari ienee, watu wanakuja dirishani kumpa pole Dada, kisha hawaondoki. Alianza muuza mkaa, akaja fundi viatu, juzi mwalimu ameleta darasa zima. Dada amevuta kiti ndani ya dirisha, anawasimulia zile siku arobaini mojamoja, kila alasiri siku moja. Wamefika ya kumi na saba, ile ya mvua, ambapo barua zilifichwa ndani ya sufuria. Mimi mwenye nyumba nakaa juu ya ndoo.

7. Jumamosi mmempangia Dada kukaa jukwaani karibu na Mgeni Rasmi. Ratiba imemwandikia dakika mbili, "kupunga mkono". Nasikitika kukuarifu kwamba hatafika. Mtakuwa mnamuenzi mtu aliyefungua mlango, huku mmoja pekee aliyebaki kati ya waliosimama naye mmemfungia ndani kwa kumuenzi.

Kutokana na hayo, naomba niondolewe kwenye orodha. Naomba waliopaka waje wakwangue, sanduku langu lirudi, na ndoo zipandishwe mlimani kwa mjane, zikiwa tupu, za kukingia maji. Kama kamati haiwezi kukaa bila mtu wa kusaidia, chumba chenu kina feni mbovu, naweza kuja na vijana tukawapiga picha ya kabla. Na mkikataa, sitapiga kelele. Nitasimama na watu kumi na mmoja mbele ya mlango wenu wa mbele, kila mmoja na barua yake, kwa siku arobaini. Mpaka sasa nimeshapata tisa.

Nisalimie katibu, mpiga picha na dereva, pamoja na fulana zake zote mbili. Wote hapa wanakusalimu, wa ndani kupitia dirishani.

Ni mimi, ninayeingia kwangu kwa nyuma,

Seremala wa nyumba ya kona.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha ya barua hii chini ya kitanda cha Dada nikakuta sanduku langu la zana, limefunikwa shuka vizuri. Hakuna kilichopungua. Nilipomuuliza hakubabaika. Alisema kila mwaka mnampandisha jukwaani apunge mkono, na tangu mmeanza hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza siku ya pili ilikuwaje. Sasa wanamuuliza, na mtu asiuguse mlango wake kabla hajafika ya arobaini. Nimelirudisha sanduku nilipolikuta, na shuka juu.

Kwa hiyo futa yote kuanzia namba 1 mpaka 7, isipokuwa paa la mjane, ambalo linavuja kweli. Vijana watakaokosa pa kukaa wapande huko. Viti vya jukwaani vileteni barazani kwangu. Mwambieni Mgeni Rasmi awahi, maana saa tisa nafasi za dirishani huwa zimeisha. Na kama imebaki rangi, njooni nayo kidogo. Dada anasema pale juu ya kitasa pameanza kuachia.