Mzaliwa wa Jengo Hili

Jumatatu, 4 Machi

Mwenyekiti wa wapangaji amehama! Amekwenda kukaa kwa binti yake. Ameacha kiti wazi. Ameacha na ufunguo wa chumba cha juu ya paa.

Nimekimezea mate chumba hicho tangu nilipofungua studio. Kina madirisha pande zote. Mwanga wa bure! Studio yangu iko chini ya ngazi, na kila ninayempiga picha ya pasipoti hutoka kama mtu anayetafutwa na polisi. Juzi mteja mmoja alizuiwa uwanja wa ndege, eti kwa sababu yangu. Mimi nasema ni uso wake.

Mwenyekiti ndiye anayeamua chumba kitumike vipi. Kwa hiyo nitagombea. Sioni wa kunizuia.

Jioni. Yupo. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili naye anagombea. Anataka chumba kiwe cha kuanikia nguo, kwa kuwa tunazoanika uani zinaibwa. Jengo zima limefurahi. Mke wangu amefurahi! Nikamwambia soksi zangu hazijawahi kuibwa hata siku moja. Akasema hata mwizi ana heshima yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa ya Fundi. Imetoka redioni.

Nilikuwa nakunywa chai. Watu wakawa wanabishana kama raia aliyezaliwa nchi nyingine anaweza kuwa rais. Mmoja akasema raia ni raia, hakuna raia nusu. Mwingine akapiga meza, nilisikia kabisa, akasema nchi haiwezi kukabidhiwa mtu aliyeingia kwa mlango wa pili. Chai ikanipalia. Fundi kazaliwa nchi jirani! Alikuja akiwa msichana, akaolewa hapa, akapewa uraia. Najua vizuri kwa sababu picha zake za uraia nilipiga mimi. Alitoka kafumba macho. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa.

Kuanzia leo namwita Mgeni. Watu wataiga.

Nikaanza na mlinzi wa getini. Nikamuuliza kama Mgeni ameshapita. Akauliza mgeni gani, mbona hajamwona. Nikasema Fundi. Akasema Fundi si mgeni, yeye mlinzi alianza kazi akamkuta hapa. Ila mimi, akasema, alinifungulia geti siku ninahamia, na kabati langu lilikwama kwenye ngazi mpaka likakatwa miguu.

Mlinzi ana kumbukumbu isiyo na faida kwa mtu yeyote.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika kanuni. "Mwenyekiti awe mzaliwa wa nchi hii." Fupi. Nzito. Nikamsomea mama, ambaye anakaa nasi chumba cha nyuma.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nikadhani kaumwa. Alipopata pumzi akaniambia kwamba mimi nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, nchi ile ile ya Fundi. Alikwenda kumtembelea dada yake, nami nikawahi kutoka. Tulirudi nimeviringishwa kwenye shuka, na afisa wa forodha akamuuliza kama ana bidhaa yoyote ya kulipia ushuru.

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakuniambia. Akasema nilikuwa mtoto wa kulialia, hakutaka kuniongezea sababu.

Kwa hiyo mimi na Mgeni ni wa nchi moja! Nimejifungia chooni kufikiri. Mke wangu amegonga sana. Nimemwambia asubiri, taifa liko hatarini.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefikiri. Akili ninayo, basi tu watu hawaitumii.

Tatizo la kuzaliwa katika nchi ni cheti. Mtu anaweza kukuambia kilete. Lakini kuzaliwa katika jengo! Nani ana cheti cha jengo? Hapo anatosha shahidi, na shahidi wa kuzaliwa kwa mtu ni mama yake. Kanuni mpya: "Mwenyekiti awe amezaliwa ndani ya jengo hili." Mgeni anaanguka. Mimi napita. Nilizaliwa hapa, tukahama nikiwa mchanga, nikarudi na kabati. Nani atapinga?

Nimemwomba mama asimame mkutanoni aseme nilizaliwa wapi. Nimemwahidi godoro jipya. Akasema sawa mwanangu, atasimama na atasema. Mama ni mama!

Kisha nikampelekea kanuni Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza, anayeongoza mkutano. Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akaniuliza kama nina hakika nataka iwe hivyo hivyo ilivyoandikwa. Nikasema asibadilishe hata nukta. Akasema hatabadilisha. Mwalimu ni mtu wa kuheshimu kazi ya mwandishi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekutana na Fundi kwenye ngazi. Alikuwa ananiletea suruali yangu aliyoipunguza kiuno. Habari za kanuni zilishamfikia. Nilijiandaa kwa matusi, nikashika ukuta. Hakupandisha hata sauti.

"Jirani," akasema, "wewe hukuchagua pa kuzaliwa, na mimi sikuchagua. Lakini hapa nilipachagua. Mume wangu nimemzika hapa. Sasa unataka niwe mwenyeji wapi?"

Akanikabidhi suruali, akapanda zake.

Niliona haya. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma. Nilisimama pale na suruali mkononi, uso unanichoma, nikatamani kumwita. Suruali imekaa vizuri mno, nayo ikazidi kuniumiza.

Ila maneno yake ni mazuri! "Hapa nilipachagua." Nitayaweka kwenye hotuba yangu ya ushindi.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya mkutano. Naandika nikiwa chini ya meza ya studio. Hapa hakuna anayenitafuta.

Tulikutana kwenye maegesho, jua kali. Mwalimu akasoma kanuni yangu, akasema tukiipitisha haraka tutaondoka haraka. Mikono ikanyooshwa kabla hajamaliza. Imepita! Fundi akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama juu, kwenye madirisha ya chumba changu.

Mwalimu akauliza nani kati yetu kazaliwa ndani ya jengo. Nikasimama. Nikamwita shahidi.

Mama akasimama. Akasema alichoahidi. Akasema nilizaliwa wapi. Ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake, kwenye kochi la kijani. Akaeleza shuka. Akaeleza afisa wa forodha, na akaigiza sauti yake! Watu wakapiga makofi, wakamwomba arudie. Akarudia. Alipoketi nikamnong'oneza kuhusu godoro. Akasema la zamani halina neno.

Karani wa benki wa ghorofa ya tatu akaona mwanya, akasema basi wanawe ndio wazaliwa wa hapa. Mke wangu akasimama. Mke wangu ni mkunga wa hospitali ile ng'ambo ya barabara. Akasema watoto wote wa jengo hili kawapokea yeye, na kawapokea kazini. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa hapa. Wangekuwa wanazaliwa hapa, yeye angekuwa anavuka barabara kila siku kufanya nini?

Jengo zima, na hakuna mzaliwa hata mmoja.

Mlinzi akanyoosha mkono. Akasema yupo mmoja. Meneja.

Meneja ni paka wa kijivu mwenye sikio moja jeupe. Alizaliwa kwenye kabati la mita za maji, mlinzi akiwepo. Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Mwalimu akauliza kama kuna ushahidi.

Mlinzi akaninyooshea kidole mimi.

Mungu wangu. Picha! Niliipiga mwenyewe, Meneja bado hajakauka manyoya. Niliipenda nikaitundika kwenye dirisha la studio iwe tangazo. Na chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri: "Amezaliwa hapa hapa jengoni. Tunapiga picha za watoto wachanga."

Nikapinga kwa nguvu zote. Nikasema paka si mpangaji. Mwalimu akasema kanuni haikutaja mpangaji. Nikasema paka si mtu! Akasema wala mtu haikumtaja, na mwandishi alisisitiza isibadilishwe hata nukta.

Meneja kashinda. Kura zote isipokuwa moja. Mke wangu alinyoosha mikono miwili na Mwalimu hakumkemea.

Jumapili, 10 Machi

Mwenyekiti hasemi, kwa hiyo anahitaji msaidizi. Wakamweka katikati ya maegesho achague. Nilikuwa nimepaka samaki kwenye vidole. Akanijia. Akanusa. Akapiga chafya, akaenda kumlalia Fundi mapajani, mahali anapolala kila siku juu ya vitambaa. Mwalimu akatangaza kwamba uteuzi umefanyika kihalali.

Fundi ana ufunguo. Mchana chumba chote kilikuwa mashuka.

Wameniomba nipige picha rasmi ya Mwenyekiti. Nimekubali kwa shingo upande. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Macho wazi, yote mawili.

Jumanne, 12 Machi

Fundi kabisha hodi studio. Akatazama kuta, taa, na mteja mmoja aliyekuwa anakodoa macho gizani. Akasema nguo haziwi tayari kuanikwa mpaka jua likolee. Asubuhi chumba kinakaa bure.

"Kabla ya nguo, mwanga ni wako, jirani," akasema. Akaniwekea ufunguo mezani.

Nikasema karibu. Akasema ameshakaribia muda mrefu.

Alhamisi, 14 Machi

Chumba ni paradiso! Asubuhi nzima nimepiga picha. Wateja wanatoka na nyuso zao wenyewe. Mmoja kanishukuru. Nina kila nilichokitaka, na Fundi hata hakunitaka nimwombe radhi. Nikawa najisemea moyoni kwamba kweli binadamu ni majirani tu, aliyezaliwa huku na aliyezaliwa kule, na kwamba nilikuwa mpumbavu.

Nikawa najisemea hivyo huku natazama dirishani. Kwenye ukuta wa jengo la pili kulikuwa na dume kubwa la paka limejinyoosha. La kijivu. Sikio moja jeupe.

Sikio moja jeupe! Kama la Mwenyekiti!

Baba yake ni wa jengo la pili. Tunatawaliwa na mtoto wa jengo la pili!

Nimepiga picha kumi na mbili. Nimeandika kanuni mpya: "Wazazi wote wawili wawe wazaliwa wa jengo hili." Mama ameisoma, amekwenda kulala bila kusema neno. Nahisi imemgusa.

Kesho naanza kukusanya saini. Nitaanza na Fundi. Yule ana roho nzuri, hawezi kuninyima.