Rimu za Kumpeleka Gladness Kanisani

Alhamisi, 18 Desemba

Siku tisa kabla ya harusi ya Gladness. Gari bado liko juu ya mawe.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Gari lenyewe ni zima. Injini nzima, rangi nzima, viti vizima. Kinachokosekana ni miguu tu. Mwezi uliopita nilifunga breki za gari la mashindano. Diski pana kama sinia, na kalipa nyekundu, yale mabano yanayoibana diski. Nzuri kupita maelezo! Nilizipata kwa kubadilishana na rimu zangu za inchi kumi na tano, pamoja na matairi yake. Nilipomaliza kuzifunga ndipo nikagundua kwamba rimu za inchi kumi na tano zisingepita juu ya breki hizo hata kama ningekuwa nazo. Kwa hiyo sikupoteza kitu. Nimemweleza Mama jambo hilo kwa utulivu. Amechukua ndoo, ameenda kukamua.

Baba hatunaye mwaka wa sita sasa. Gladness ni dada yangu wa pekee. Aliniomba mwezi wa nane tukiwa tunachuma kahawa: siku ya harusi, kutoka nyumbani hadi kanisani, nimpeleke mimi, mikono yangu kwenye usukani, asiwe mtu mwingine. Nikamwapia. Ndiyo maana nikafunga breki. Barabara za huku Kibosho zina miteremko na makorongo. Bi harusi hashushwi kwa breki za kawaida.

Nyumbani hadi kanisani ni kilomita mbili. Nimepima.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimeshuka Moshi mjini kwa Eliona, muuza rimu. Mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Nilimwambia nataka za inchi kumi na saba, nimalize. Akasema inchi si kitu. Kuna kumi na saba itakayokubali na kumi na saba itakayokataa. Kinachoamua ni upana wa tumbo la rimu kwa ndani, na spoki zake: zimebonyea kuelekea kwenye kalipa au zimetunisha mgongo kwa nje? Akaniagiza nirudi nyumbani, nikate kipimo chenye umbo lile lile la kalipa, nimletee. Tutakizungusha ndani ya rimu. Kikipita na ikabaki nafasi ya unene wa sarafu mbili, rimu ni yangu.

Nimerudi mbio. Nikatafuta boksi la kukatia kipimo. Hakuna! Kamati ya harusi imechukua maboksi yote kufungia vikombe. Mwingine angekata tamaa. Mimi nimeingia kihambani, shamba letu la migomba, na kisu, nikachuna ganda la mgomba, bichi, nene, linakatika vizuri kama sabuni. Nikaliweka juu ya kalipa, nikachonga taratibu. Limekaa sawasawa kabisa. Mzungu angehitaji mashine.

Nimelitundika darini juu ya jiko la kuni, mbuzi wasilifikie.

Jumapili, 21 Desemba

Jana siku nzima nilipaka chokaa migomba ya njiani kwa amri ya kamati. Leo misa. Kanisa limejaa watu wa Dar, wote wamerudi nyumbani kuhesabiwa na ukoo kama kila Desemba. Nje magari yamepangwa mpaka kwenye ukuta wa shule.

Na Godbless amefika. Mtoto wa shangazi. Gari lake jeupe, refu, linang'aa huku barabara nzima ni matope. Amempa Mama shikamoo ya kuinama, ameshusha gunia la mchele na dumu la mafuta. Mama amesema mbele ya watu kwamba huyu ndiye mwanaume. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimebeba hilo gunia.

Baadaye amezunguka gari langu, akauliza kama mawe hayo ni ya kudumu. Nimecheka. Nilicheka kwa nguvu sana mpaka kuku wakatawanyika.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mathew, ameniuliza kama gari la bi harusi liko tayari. Nikajibu limebakiza kitu kidogo. Akasema la Godbless lipo ikibidi. Haitabidi!

Jumatatu, 22 Desemba

Ushindi!

Nimepeleka kipimo mjini kwenye mfuko wa plastiki. Tumejaribu rimu za aina sita. Ya saba, spoki kumi nyembamba, rangi ya fedha, kipimo kimezunguka ndani bila kugusa popote. Nafasi si ya sarafu mbili, ni ya sarafu nne! Eliona alikishika kipimo, akakikunja kidogo, kikatoa sauti ya karatasi. Akaniuliza nilikikata lini. Nikasema Ijumaa. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Kibosho, nimezaliwa kihambani, nimelishwa mtori kabla sijaota jino, hakuna mtu wa kunifundisha mgomba. Akanirudishia kipimo.

Nimempa redio ya gari na spika zote nne, yeye kanipa rimu na matairi yake. Kwenye kibao chake ameandika kwamba mali ikitoka hairudi. Haki yake. Nani atataka kurudisha?

Jumanne, 23 Desemba

Haziingii.

Fundi Daniel, jirani yetu wa chini, alikuja kunisaidia. Tulibandika ya kwanza, tukakaza nati, nikazungusha kwa mkono. Ikalia krrrr, ikakwama. Spoki zimelala juu ya kalipa. Tukajaribu ya pili. Krrrr. Tukajaribu upande wa kushoto, maana huenda kushoto ni tofauti. Si tofauti.

Daniel akaomba aone kipimo. Akakiweka juu ya kalipa. Kimepungua kidole kizima kila upande! Siku tatu juu ya moshi wa kuni na maji yote ya mgomba yamekauka. Nilipeleka mjini kipimo cha kalipa ya mtoto.

Daniel alikaa chini. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka.

Nimemwomba asimwambie mtu. Saa kumi Mzee Mathew alipita njiani akaniuliza mgomba wangu unaendeleaje.

Jumatano, 24 Desemba

Sijakaa chini tangu alfajiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mpango wa kwanza: spesa, yaani visahani vya chuma vya kuisogeza rimu nje kidogo. Maduka mengi yamefungwa. Nikatengeneza mwenyewe kwa kukata mabati ya zamani, vipande vitano vitano kwa kila rimu. Rimu ikazunguka! Lakini bolti zikabaki fupi, nati ikashika mizunguko miwili tu. Daniel akasema kwenye kona ya kwanza rimu itatutangulia kanisani. Tumetoa.

Mpango wa pili: kusugua kalipa kwa tupa. Nimesugua saa nzima. Rangi nyekundu imetoka, chuma hakijashtuka. Sasa breki hazifanyi kazi na wala hazipendezi.

Mpango wa tatu ni kumzuia Godbless. Nimemwambia kwa huruma kwamba darajani maji yamekata barabara, gari refu kama lake lisijaribu, aliache huko juu kwenye lami. Akashukuru. Akaenda kuangalia kwa miguu. Amerudi na viatu vikavu, akasema daraja linakusalimia.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimekula nyama bila kuisikia ladha.

Nilikuwa naitazama rimu ya Godbless wakati wa sala ya kabla ya chakula. Nati tano, kama za breki zangu mpya. Spoki zake zimetunisha mgongo nje kama mtungi! Chini ya zile spoki kalipa yangu ingelala na kugeuka usingizini. Watu walipoingia kula nikakata kipimo kipya, kibichi kabisa, nikaingia chini ya gari lake kupima kwa mkono kupitia nyuma ya tairi.

Shangazi alitoka kunawa. Akaona miguu yangu. Akauliza Kornel unatafuta nini huko chini siku ya kuzaliwa kwa Bwana. Nikajibu kuku. Akasema kuku wote wako mezani.

Godbless akaja. Basi nikaona nimwombe tu, kiume: aniazime rimu zake Jumamosi, misa peke yake, nimrudishie kabla ya keki. Akauliza lake litasimama juu ya nini. Nikamwonyesha mawe yangu, kwamba ni mazuri, yamezoea. Nyumba nzima ilicheka isipokuwa Gladness.

Ijumaa, 26 Desemba

Kamati imekaa saa nne asubuhi. Bi harusi atapanda gari la Godbless. Hawakuniita. Nimepewa kazi ya kusimamia soda.

Gladness alikuja nikiwa nimelala chini ya gari. Alikuwa amesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama. Akafungua mlango, akakaa kiti cha nyuma, pale atakapokaa, yaani pale ambapo angekaa. Nikaanza kumweleza kuhusu spoki. Nilieleza sana. Nikafika kwenye unene wa sarafu mbili, akanikatiza.

"Kaka, mimi sikukuomba breki. Nilikuomba unipeleke."

Akashuka, akarudi kusukwa.

Naandika hivi ilivyo: nimeona aibu mpaka masikio. Mawe hayo nimeyapanga mwenyewe, moja moja. Kesho dada yangu anatoka nyumbani kwa baba yake akiwa nyuma ya shingo ya mtu mwingine, na mimi nitakuwa nahesabu kreti.

Baada ya nusu saa nikajaribu tena ile rimu ya pili, huenda ilikuwa haijakaa vizuri. Ilikuwa imekaa vizuri.

Jumamosi, 27 Desemba

Ameolewa! Mwanaume ni wa Mkuu, Rombo, mwalimu, mpole, anatembea kwa miguu na hana matatizo.

Ilivyokuwa ni hivi. Saa tatu asubuhi mvua imekatika, mlima umejifunua wote mweupe, watu wamejaa uani, na Godbless amelileta gari likiwa na maua. Mimi niko na soda. Akanifuata mpaka kwenye kreti, kavaa suti, akanishika mkono akaniwekea ufunguo.

"Dada ni wako. Endesha."

Nilitafuta dhihaka usoni mwake. Haikuwepo. Nilitaka kumjibu kitu kizuri, nikamuuliza tairi zina upepo kiasi gani. Akasema wa kutosha.

Gladness alipoingia na shela lake akanikuta kwenye usukani.  Aliniwekea mkono begani, na mkono huo ukakaa hapo kilomita mbili zote. Mama alikuwa pembeni yake, anaimba chini chini. Nilienda polepole kuliko mbuzi. Kwenye kona ya kwanza machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Nilimfungulia mlango mwenyewe. Akanirekebisha kola, akaniambia asante kaka. Kwa hilo nitaishi miaka mingi.

Niongeze tu kwa kumbukumbu: breki za Godbless ni ndogo. Rimu kubwa vile, na ndani breki kama sahani ya chai. Ufujaji! Lakini zilishika.

Jumapili, 28 Desemba

Siku ya amani. Baada ya misa Godbless kanishushia rimu nne za kawaida zenye matairi, kazipata kwa rafiki yake wa mjini, zawadi, hataki kusikia habari ya kulipa. Daniel akarudisha breki zangu za mwanzo, zile za nati nne zisizokubali rimu za Eliona, zilikuwa kwenye banda la kuku. Saa sita mchana gari likashuka kwenye mawe. Likatembea! Nimempeleka Mama mpaka darajani na kumrudisha. Amesema kumbe lina viti laini. Nimemwambia Godbless kwa moyo safi kwamba nimejifunza: gari likishatembea, liache litembee. Amenipa mkono, ameondoka kwenda Dar.

Saa nane nikaliendesha peke yangu. Halina kosa lolote. Linawaka, linakwenda, linasimama. Nilirudi nikakaa. Nikasimama. Nikafungua boneti, nikaona nafasi kubwa sana pembeni ya injini, imekaa bure tu.

Nikampigia Eliona. Anayo injini yenye turbo, inatua Moshi mwezi ujao, au ule unaofuata. Lakini itaingia? Inchi si kitu, hilo alinifundisha mwenyewe. Lazima nafasi ipimwe, na huwezi kupima nafasi ikiwa ina kitu ndani. Daniel alikataa kunisaidia, nikaazima mnyororo kwake bila kusema wa nini. Saa kumi na moja injini ikawa nje. Eliona akapanda na pikapu, akaniambia ya zamani ndiyo itakuwa kianzio cha biashara yetu. Ameondoka nayo sasa hivi. Kibao chake nakijua, lakini hii ni tofauti.

Gladness amepiga simu kutoka Mkuu. Sauti ya raha. Mwaka Mpya wakwe wanamsubiri Mama kwa chakula, na anataka aletwe na mimi, kwa gari langu, asiwe mtu mwingine.

Nimemwapia. Alhamisi saa tatu asubuhi tutakuwa getini kwao.

Siku nne zinatosha.